Naomba ushauri: wajaribu 12 wa programu yangu nitawashikaje?

Habari zenu wakuu. Nimetengeneza programu ya simu ya kuandikia madeni ya dukani. Mama ana duka Mbagala. Daftari lake lililoloa mvua, wino ukayeyuka hadi majina hayasomeki, ndilo lililonisukuma.

Nimeshalipa dola 25 za akaunti ya Google Play. Ila akaunti binafsi mpya lazima ipate wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe ruhusa ya kuitoa kwa umma. Nilipata 13, ndugu na majirani. Siku ya tisa watatu wakajitoa, eti simu zimejaa.

Mliopita njia hii, mliwashikaje watu? Na malipo ya watumiaji wa programu nitayapokeaje? Wenye maduka wengi hawana kadi ya benki, wana M-Pesa tu.