Texas: harusi imepita, leseni ya ndoa bado iko kwa mchungaji. Cheti tutakipataje?

Chausiku_DFW
Habari zenu wadau. Tumefunga ndoa kanisani hapa Texas na siku 30 zinakaribia kutimia. Leseni tuliichukua kwa karani wa kaunti tunayoishi, ibada ikafanyika kaunti nyingine. Karatasi bado iko kwa mchungaji, kila tukimuuliza anasema ataituma. Kanisa limetupa cheti chake, kizuri tu, kina nembo na sahihi zote.

Nauliza: hicho cha kanisa hakitoshi? Kama hakitoshi, leseni inarudishwa kaunti ipi, tulikoichukua au tulikofungia ndoa? Pili, kwenye leseni jina la mume limekosewa herufi moja, na jina la babu yake halipo kabisa. Mimi ni raia wa Marekani, nataka kubadili jina, tuna I-130 (fomu ya kumwombea mume ukaazi) ya kupeleka, na nyumbani Tanzania wanadai cheti "kilichothibitishwa". Nichukue nakala ngapi?

Kisiki_cha_Mpingo
Hongereni dada. Cheti cha kanisa kiwekeeni fremu mkitundike sebuleni, kazi yake ndiyo hiyo. Serikalini hakisomeki.

Hapa Texas leseni na cheti ni karatasi moja. Mnaichukua kwa karani ikiwa na sehemu ya chini tupu. Mfungishaji ndoa anajaza tarehe ya ibada, kaunti ilikofanyika na jina lake, anasaini, kisha anairudisha. Karani akiisha kuiingiza kwenye rejesta, anawatumia kwa posta kwenye anwani mliyoandika siku ya maombi. Hapo ndipo inaitwa cheti. Kabla ya hapo kaunti inajua tu kwamba mliomba ruhusa ya kuoana, haijui kama mlioana.

Inarudi kwa karani ALIYEITOA. Leseni ya Texas mnaweza kuitumia kaunti yoyote ya jimbo hili, lakini kumbukumbu inakaa ilikozaliwa. Wachungaji wengi huipeleka kaunti ya kanisa lao, ikarudishwa kwa posta au ikalala kwenye droo ya mtu.

Tarumbeta
Poleni. Siku 30 zikipita bila kurudishwa ndoa inakufa. Chukueni leseni mpya mfunge tena, msipoteze muda.

Kisiki_cha_Mpingo
Hapana Tarumbeta, usimtishe dada wa watu. Unachanganya muda wa namna mbili.

Leseni yenyewe, tangu itolewe, inaisha ibada isipofanyika kabla ya siku ya 90. Na kuna saa 72 za kusubiri mwanzoni, isipokuwa kwa wanajeshi walio kazini, waliosoma kozi ya kabla ya ndoa inayotambuliwa na jimbo, au waliopewa ruhusa na jaji. Huo ni muda wa maharusi.

Siku 30 zinahesabiwa kuanzia ibada, na ni mzigo wa mfungishaji. Akichelewa, kosa ni lake: sheria ya familia ya Texas, kifungu 2.206, inamtoza faini ya kati ya dola 200 na 500. Ndoa haifi kwa sababu karatasi imechelewa. Leseni iliyochelewa ipelekwe hivyo hivyo. Kufunga upya kutawaletea tarehe mbili za ndoa kwenye rejesta, kisha ofisa wa uhamiaji awaulize ipi ni ipi.

Nahodha wa Mafaili
Hapo kwenye faini ndipo pa kumkumbushia mchungaji, kwa heshima lakini. Wengi hawajui kwamba ina jina lao. Akiwa mbali au ana shughuli, mwombeni awape karatasi ikiwa imejazwa na kusainiwa, muipeleke dirishani wenyewe. Mkitumia posta, piga picha pande zote mbili kwanza na utume kwa namba ya kufuatilia. Picha ya simu kwa barua pepe haipokelewi, karani anataka karatasi halisi.

Kabla haijaondoka mikononi mwa mchungaji, angalieni haya:

Tarehe. Hili linawaumiza sana watu wetu. Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi. Mchungaji akiandika 5/7 akimaanisha tarehe tano Julai, karani anasoma Mei 7, na kama leseni ilitolewa Juni, basi mmeoana kabla ya kuruhusiwa. Inarudi. Mwezi uandikwe kwa herufi, na kwa Kiingereza.

Kaunti ya ibada. Iandikwe ilikofanyika kweli, hata kama si ile iliyotoa leseni. Jina la mji si jina la kaunti: ukumbi wenye anwani ya mji wa Dallas unaweza kuwa Collin au Denton.

Sahihi yake iwe kwenye nafasi ya mfungishaji. Na wino wa kufutia usiguse karatasi hii, wala kukatakata maneno. Ikiharibika au ikipotea, karani anatoa leseni mbadala na mchungaji anaijaza kwa tarehe ile ile ya ibada iliyofanyika. Haandiki tarehe ya siku anayoijaza.

Chausiku_DFW
Asanteni sana. Sasa hilo la jina? Na mchungaji hakujiandikisha popote serikalini, ni tatizo?

Nahodha wa Mafaili
La mchungaji si tatizo. Texas haina daftari la wafungishaji ndoa. Sheria inawataja wachungaji na mapadre, marabi, majaji, na ofisa wa dini yoyote aliyepewa mamlaka hayo na dini yake. Sheikh anaingia hapo. Majimbo mengine yana utaratibu tofauti.

La jina tuligawe mara mbili.

Jina la babu kutokuwepo huenda si kosa kabisa. Kipimo ni kitambulisho alichoonyesha dirishani, kwa kawaida pasipoti. Kama pasipoti inasema majina mawili, leseni yenye majina mawili iko sawa, hata kama cheti cha kuzaliwa kina matatu. Msiongeze jina ambalo halimo kwenye pasipoti kwa sababu tu nyumbani anaitwa hivyo. Mtakuwa mmetengeneza mtu wa pili.

Herufi iliyokosewa ni kosa, na dawa yake ipo kwenye kifungu 2.209. NYOTE WAWILI mnasaini hati ya kiapo mbele ya notari (anayeshuhudia viapo na sahihi), mkieleza kilichoandikwa na kilichotakiwa kuandikwa. Karani anaisajili kama marekebisho. Fahamuni tu kwamba hafuti kile cha zamani. Leseni inabaki na herufi yake mbovu, na kiapo kinaambatana nayo kwenye kila nakala mtakayoomba maisha yenu yote. Kwa hiyo cheti chenu kitakuwa na kurasa mbili, na mtu akitoa fotokopi ya ukurasa wa kwanza pekee mmerudi mlikotoka. Subirini leseni isajiliwe kwanza, kisha mpeleke kiapo. Fomu iko kwa karani, na kitambulisho kinahitajika kwa notari.

Kwa wanaosoma huu uzi kabla ya harusi: kosa likionekana mkiwa bado dirishani, linasahihishwa bila kiapo. Someni herufi kwa herufi kabla ya kusaini. Karani anataipu majina yetu kwa kusikia na kubahatisha. Ng'wanakilala au Nshimirimana si majina anayokutana nayo kila siku.

Fulusi
Kuhusu nakala, dada chukua nne za muhuri pamoja na ile ya asili itakayokuja kwa posta. Kaunti nyingi hutoza dola 5 za uthibitisho na dola 1 kwa ukurasa, nyingine huongeza, kwa hiyo kiapo kitaongeza ukurasa na bei kidogo. Omba zote siku moja.

USCIS (idara ya uhamiaji), kwa I-130, fotokopi inatosha wakati wa kupeleka faili. Nakala ya muhuri mwende nayo kwenye mahojiano. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, hukumu ya talaka au cheti cha kifo cha mwenza wa zamani ni lazima kiwemo, na hapo ndipo faili nyingi hukwama kuliko kwenye cheti chenyewe.

Kubadili jina anza na Social Security (ofisi ya hifadhi ya jamii): fomu SS-5, bure, namba haibadiliki. Hawapokei fotokopi, hata yenye muhuri wa notari. Wanataka ya asili au nakala iliyothibitishwa na karani, wakiisha kuiona wanakurudishia. Halafu DPS (idara ya usalama wa umma ya jimbo) kwa leseni ya udereva, ndani ya siku 30 za jina kubadilika. Halafu pasipoti: kama ilitolewa chini ya mwaka mmoja uliopita ni fomu DS-5504, na si ya kulipia ukifuata huduma ya kawaida, kama ni ya zamani zaidi ni DS-82 ukitimiza masharti yake.

Usishangae leseni haitaji jina lako jipya. Ya Texas haina nafasi hiyo.

Mkwezi
Naongeza la Tanzania, maana neno "kilichothibitishwa" huwapeleka watu kwa notari wa benki, na hapo pesa imepotea. Notari wa Texas haruhusiwi kuthibitisha nakala ya hati iliyo kwenye rejesta ya umma. Hati inayotakiwa ni nakala kutoka kwa karani, yenye sahihi na muhuri wake. Ile ya kupakua mtandaoni iliyopigwa maneno ya "si rasmi" haina kazi.

Nakala hiyo inakwenda kwa Katibu wa Jimbo, Austin, na fomu 2102 pamoja na dola 15 kwa hati. Kwenye fomu unataja nchi inakokwenda, na nchi ndiyo inayoamua upewe nini. Burundi, Rwanda na Oman zimo kwenye mkataba wa Hague wa kutambuliana hati, hivyo wa huko wanapewa apostili (uthibitisho mmoja unaokubalika nchi zote za mkataba) na safari imekwisha. Tanzania haimo. Kwa hiyo Austin watakupa cheti cha uthibitisho cha kawaida, unakipeleka wizara ya mambo ya nje ya Marekani kwa fomu DS-4194 na dola 20, kisha ubalozi wa Tanzania Washington. Mpangilio ni huo, ubalozi mwisho. Ukiruka ngazi ya kati utarudishwa.

Na usitoe pini ya stapla, hata kwa ajili ya kuskani. Kurasa zikiachana, uthibitisho umevunjika. Hii nakala ihesabu kuwa imekwenda, usiitegemee kwa kitu kingine.

Binti Sudi
Samahani kuingilia uzi. Wazazi walioana Texas miaka ya 90 na cheti kimepotea. Kaunti hatuikumbuki, walihamahama sana. Jimbo haliwezi kutoa nakala?

Nahodha wa Mafaili
Haliwezi dada. Idara ya afya ya jimbo, kitengo cha takwimu za uhai, inatoa barua ya uthibitisho tu kwa ndoa za kuanzia 1966, kwa dola 20. Si mbadala wa cheti, lakini inakupa kaunti, na kaunti ndiyo unayoitafuta. Kabla ya kulipa, jaribu utafutaji wa bure kwenye tovuti za makarani wa kaunti walikoishi; kubwa nyingi zinao. Tafuta kwa jina la mama la kabla ya kuolewa, kisha kwa la baba. Zungusha majina, lile la ukoo laweza kuwa limeingizwa kama la kwanza, na jaribu tahajia mbili tatu.

Ukiipata kaunti, ombi linahitaji majina kamili ya wote wawili kama yalivyokuwa siku ya leseni, tarehe hata ya kukadiria, ada na anwani. Rekodi za ndoa Texas ni za umma, hivyo mtoto anaweza kuomba. Tahadhari na tovuti za kibinafsi zinazotangulia kwenye matokeo ya Google: zinakutoza mara kadhaa kisha zinaandika barua ile ile kwa karani yule yule.

Tarumbeta
Nimeelewa kosa langu la siku 30, asante Kisiki. Je, hizi sheria ni kwa Marekani yote? Nina jamaa Columbus, Ohio, na wengine Minneapolis, Minnesota.

Kisiki_cha_Mpingo
Sivyo mkuu, kila jimbo na lake. Ohio unakwenda mahakama ya mirathi ya kaunti, si kwa karani; wakazi wanaomba kaunti anayoishi mmoja wao, leseni inadumu siku 60, na mfungishaji anairudisha mahakamani ndani ya siku 30. Minnesota leseni inadumu miezi sita lakini mfungishaji ana siku 5 tu za kurudisha. California ni siku 10. Kwa hiyo mchungaji anayetoka Texas kwenda kufungisha ndoa Minneapolis asiende na mazoea yake ya Texas.

Chausiku_DFW
Mchungaji amekubali tuifuate kesho. Amejaza kaunti ya leseni badala ya kaunti ya ibada, kwa wino mweusi. Akate aandike juu?

Nahodha wa Mafaili
Asikate! Nendeni nayo kama ilivyo hadi dirishani kwa karani aliyeitoa, mmwonyeshe kosa kabla hajaisajili. Atawaambia kama anatoa leseni mbadala ya kujazwa upya. Mkienda na mchungaji mwenyewe, na wote na vitambulisho, huenda mkamaliza siku hiyo hiyo.