Kitani inaziba chekeche tangu masika yaanze: ni nyundo au ni mbegu?

MsagajiLishe_Moro
Habari zenu wakuu. Natengeneza unga wa lishe, na wateja wananiomba nichanganye mbegu za kitani (flaxseed). Nasagia mashine ya nyundo, ileile ya mahindi, ambayo vyuma vyake (nyundo) hugonga mbegu mpaka unga upite kwenye chekeche. Kiangazi ilisagika bila shida. Sasa unga unatoka mabonge, chekeche linaziba na mashine inachemka. Nimepima kwa kutikisa mbegu na chumvi kavu kwenye chupa, chumvi haishiki kioo, kwa hiyo mbegu ni kavu. Mwenye mashine anasema nyundo zimelika. Nigharamie nyundo mpya?

FundiVinu
Dada, usinunue nyundo bado. Kipimo cha chumvi ni cha mahindi: chumvi hushika kioo unyevu ukifika kama asilimia 15. Kitani haitakiwi kuvuka 10 hata ghalani, na ya kusaga mimi naitaka 7 au chini. Mbegu ile karibu asilimia 40 ni mafuta, na mafuta hayanywi maji. Maji yote yamejazana kwenye ganda na kiini kilichobaki, ndiyo maana kiasi ambacho mahindi yanakivumilia, kitani inalowa.

Halafu ganda lake lina ute. Mbegu kavu ikigongwa inapasuka. Yenye unyevu inabonyea, mafuta yanakamuka, yanakutana na ute, na uji huo ndio unaoziba matundu. Unga ukikosa pa kutokea unazungushwa humo humo, joto linapanda na mafuta yanazidi kutoka.

Chukua mbegu chache, ziponde kwa mgongo wa kijiko juu ya sahani. Zikivunjika vipande, saga. Zikilala bapa na kuacha doa la mafuta, bado.

DukaLaNafaka
Mimi ningeanza kwa kuziosha, zina vumbi sana, halafu azianike.

FundiVinu
Hapana ndugu yangu, kitani haioshwi! Ikigusa maji tu ute unaamka, mbegu zinashikana kama mlenda, na jua la masika halitazikausha. Zipepete, mchanga uondoe kwa chekecheo.

MsagajiLishe_Moro
Asante sana kaka. Sasa jua hakuna, nizikaushe vipi?

FundiVinu
Kaanga bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza muda wote mpaka zianze kutatarika. Waethiopia hukaanga kitani yao, telba, kabla ya kuisaga. Tandaza kwenye sinia zipoe kabisa. Ukizifunga zikiwa na joto, mvuke unarudi ndani na kazi yote imepotea.

Kinuni usiimwage peke yake. Changanya kidogo kidogo na mahindi makavu, unga wake unafyonza mafuta na kusafisha matundu. Na usisage ya mwezi mzima: mbegu nzima inatunzika, lakini unga wake unachacha upesi, utausikia uchungu ulimini. Chekeche likiziba hata baada ya hayo, nitumie picha ya nyundo.