Madoa ya damu: ushahidi au kubahatisha?

Mama Zawadi: Wadau, hili linaniumiza. Joe Bryan alikuwa mkuu wa shule kule Clifton, Texas. Mwaka 1985 mkewe aliuawa kwa risasi chumbani, yeye yuko mkutanoni Austin, kama kilomita 190. Kilichommaliza ni tochi iliyokutwa kwenye buti la gari lake, ina vitone vya damu. Askari akaapa kwamba tochi hiyo ilikuwa karibu bastola ilipolia. Mafunzo yake ya damu yalikuwa kozi ya wiki moja! Mwaka 2018 akakiri kwa maandishi kwamba alikosea. Mahakama ziendelee kupokea ushahidi huu?

Mpenda Hesabu: Dada, usiitupe sayansi kwa kosa la mtu. Tone likidondoka wima linaacha duara, likija kwa mshazari linarefuka. Doa lenye urefu mara mbili ya upana limegonga kwa nyuzi 30, hilo halina ubishi. Kosa ni kumpa kazi mtu ambaye hata mchinja mbuzi wa Vingunguti anamzidi.

Bucha Mkongwe: Mchinja mbuzi amekukosea nini? Nina miaka 22 kwenye kisu. Ukishakata koromeo, mbuzi bado anavuta pumzi. Akikoroma, damu inatoka kama manyunyu, inakujaza nukta mkononi mwa shati. Kijana wangu anashika miguu tu, na kuna siku anachafuka kuliko mimi. Sasa nyuzi 30 zako zinajua nani alichinja?

Mpenda Hesabu: Mbuzi si binadamu, mzee.

Bucha Mkongwe: Damu ni damu. Na hujajibu.

Wakili Mdogo: Mzee amegusa penyewe. David Camm wa Indiana alishtakiwa kumuua mkewe na watoto wawili mwaka 2000. Fulana yake ilikuwa na vitone vinane. Mashtaka wakasema vimerushwa na risasi. Yeye akasema aligusana na nywele za bintiye akimtoa mwanawe garini. Wataalamu wakavutana juu ya vitone vilevile. Kesi 3, hatia 2, akaachiwa 2013.

Mpenda Hesabu: Wakili, hao walikuwa wataalamu wabovu.

Wakili Mdogo: Kila akikosea mtu unasema mbovu. Mzuri tutamjuaje kabla mtu hajafungwa?

Mama Zawadi: Jamani, Joe Bryan, mzee wa watu, amekaa ndani miaka 30 na zaidi!

Kibaraza: Alihukumiwa 99, si 30.

Mama Zawadi: Nimesema *amekaa*, kaka, soma. Alitoka 2020 kwa parole, yaani kuachiwa kwa masharti, na hatia haikufutwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Bucha Mkongwe: Pole, mama. Lakini neno "hata" sijalisahau. "Hata mchinja mbuzi." Kijana, lifute.

Mpenda Hesabu: Nimelifuta, mzee wangu. Nisamehe.

Bucha Mkongwe: Yameisha. Jumamosi alfajiri njoo na shati jeupe ushike miguu, halafu ujipimie mwenyewe.