MREJESHO: Nota zilizogeuka viboksi

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini wimbo tuliotumiwa kwenye faili la Word na kwaya rafiki ya Musoma unaonyesha viboksi badala ya nota kwenye kompyuta yetu hapa Igoma.

Mliosema ni fonti, mlipatia. Fonti zinazofuata SMuFL, yaani mpango wa pamoja wa alama za muziki kwenye fonti, huipa kila alama namba yake. E050, kwa mfano, ni ufunguo wa G. Kompyuta isiyo na fonti ya aina hiyo inachora kiboksi tu. Nimeweka Bravura, fonti mojawapo ya hizo, ya bure kabisa, nota zikatokea.

Lakini aliyetukomboa hasa ni yule aliyesema tuombe faili la MusicXML, yaani wimbo ulioandikwa kwa namna ambayo programu mbalimbali za muziki zinaisoma. Nililifungua kama maandishi nikachungulia: kila nota ina jina, oktava na urefu wake. G, 4, robo. Fonti utajichagulia mwenyewe. MuseScore, programu ya kuandikia nota, ikalipokea bila kugoma, na mpiga kinanda akashusha wimbo mzima toni moja, maana soprano kule juu walikuwa wanapiga mayowe.

Mpangilio ndio umevurugika kidogo: mistari imekatika kwingine, maneno ya ubeti wa pili yanagusa nota za alto. Tunanyoosha kwa mkono. Solfa (do, re, mi) zilizochapwa chini ya nota kama ubeti hazikusumbua, kwa kuwa do ndiyo inayohama. Juu ya ukurasa tumefuta "Doh ni G" tukaandika "Doh ni F".

Mnaotumiana kwa WhatsApp, chagueni .mxl. Ni MusicXML ileile iliyobanwa, hailambi bando.