Data zinapotea kila programu ikilala kwenye Cloud Run: nimekosea wapi?

Mwanagenzi
Wakuu, habari za kazi. Ninajifunza kupandisha programu kwenye wingu, na nimetengeneza mfumo mdogo wa michango na mikopo ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nimeuandika kwa Python, nikaufunga ndani ya kontena (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili iwake), nikaupeleka Cloud Run, huduma ya Google inayoendesha makontena. Mwanzoni ulikataa kuwaka, na logi (kumbukumbu za mfumo) zikadai kwamba hakuna kinachosikiliza kwenye poti ya 8080, yaani mlango ambao maombi ya watumiaji huingilia; baada ya siku mbili za kuhangaika niligundua kwamba nilikuwa nimeuelekeza usikilize 127.0.0.1, yaani ulikuwa ukijisikiliza wenyewe, na nilipoweka 0.0.0.0, yaani usikilize hata maombi ya kutoka nje, ukawaka. Sasa limezuka kubwa zaidi. Juzi jioni mweka hazina aliingiza marejesho ya wanachama 14, tukayaona sote kwenye simu zetu, lakini asubuhi hakukuwa na hata jina moja. Data ninazihifadhi kwenye faili la SQLite (hifadhidata inayokaa yote ndani ya faili moja) lililo ndani ya folda ya programu. Je, nihamie kwenye seva ya kukodi kwa mwezi?

Fundi Seva
Pole sana, mkuu, ila hapo hujaibiwa data. Umeziweka mahali pasipo na ghala. Faili lolote linaloandikwa ndani ya kontena kwenye Cloud Run linakaa kwenye memori ya kontena hilo, si kwenye diski, kwa hiyo usiku watu wanapoacha kuutumia mfumo na kontena likazimwa, faili nalo linakwenda. Shukuru kwamba hukupata wateja wengi, kwa sababu wakiongezeka yanawashwa makontena mawili au matatu kwa pamoja, kila moja na SQLite yake, na mwanachama angeona deni lake limelipwa, akifungua tena ukurasa analikuta palepale. Huna haja ya kuhama. Itoe hifadhidata nje ya kontena, uiweke kwenye PostgreSQL (hifadhidata inayojitegemea) ya Cloud SQL, huduma ya Google ya kuendesha hifadhidata, kisha nywila yake uitunze kwenye Secret Manager, huduma ya Google ya kutunza siri, badala ya kuiandika kwenye msimbo. Picha za vitambulisho, kama mnazipokea, zipeleke Cloud Storage, ghala la mafaili la Google, maana zikibaki ndani zitaila memori hadi programu ianguke.

Bi Mahesabu
Naunga mkono, lakini mwenzetu aambiwe na habari ya bili kabla hajabonyeza chochote. Cloud Run ikilala bila maombi haikutozi matumizi ya prosesa, ilhali Cloud SQL inahesabu saa zote inapokuwa imewashwa, hata kama kikundi kinakutana Jumapili tu, hivyo wakati wa majaribio izime ukimaliza. Weka bajeti yenye arifa, ukijua kwamba arifa hiyo inakutumia barua pepe tu na haizuii matumizi kuendelea. Kinachosaidia kuzuia ni kuweka kikomo cha idadi ya makontena. Jambo jingine ni kanda, yaani eneo kilipo kituo cha data: programu na hifadhidata ziwe pamoja, na kwa Afrika kituo cha Google kiko Johannesburg tangu 2024. Ukiweka programu Ubelgiji na hifadhidata Johannesburg, ukurasa wenye maswali 30 ya hifadhidata utakwenda na kurudi mara 30, na kama kila safari inachukua milisekunde 150, msomaji anasubiri sekunde nne na nusu.

Mwanagenzi
Nashukuru sana, wakuu. Nimehamishia PostgreSQL, vyote viwili Johannesburg, nikauacha mfumo ulale usiku kucha, na asubuhi nimezikuta rekodi zote 14 ambazo mweka hazina alikubali, kwa manung'uniko, kuziingiza upya kutoka kwenye daftari. Swali dogo: nikipandisha toleo jipya likaharibika, ninarudije nyuma?

Fundi Seva
Kila unapopandisha, Cloud Run inatunza toleo lililotangulia, nawe unaweza kuwarudishia watumiaji lile la zamani bila kujenga kontena upya. Angalizo langu ni moja: kinachorudi ni programu tu, kwa hiyo kama toleo jipya limefuta safu kwenye jedwali, safu hiyo hairudi, na ndiyo maana nakala rudufu ya hifadhidata huchukuliwa kwanza.