Admini wa peji za vichekesho: mnaokata majina ya wachora katuni mnaiba, na mnaiba mpaka lipa namba

Wakuu, salaam. Moderata naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho, maana kila tukilalamikia kule watu wanadhani ni utani. Na msiuunganishe na ule wa "wasanii wanalialia". Hapa kuna jambo moja tu: ukanda wa chini wa katuni, ule wenye jina la mchoraji, ambao peji kubwa za vichekesho zinaukata kila siku ya Mungu na kubandika nembo zao.

Kwa asiyejua ukanda ule una nini: mchora katuni anayejitegemea, asiye na gazeti wala kampuni nyuma yake, huweka chini ya fremu ya mwisho jina la akaunti yake, namba ya kipande ili msomaji ajue kuna vilivyotangulia, na lipa namba ya kupokelea pesa kwa simu. Wenzetu wa Kenya wanaweka till. Hiyo lipa namba ndiyo mshahara wenyewe. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania inaruhusu kulipa, kupokea hairuhusu. Stripe, kampuni nyingine ya malipo ya mtandaoni, haifungui akaunti za Tanzania wala Kenya. Kwa hiyo zile tovuti za kumchangia msanii zinazotegemea hao wawili, kwa mchoraji wa Dar ni pambo. Patreon, tovuti ya kumchangia msanii, inawezekana kwa kupitia Payoneer, huduma ya kupokelea pesa za nje, lakini msomaji wa Mbagala hana kadi ya kulipia dola. Ana simu, na ana mia tano ya kukurushia akishacheka. Admini akikata ukanda ule, amekata jina na mia tano zote zilizokuwa njiani.

Halafu mnasema "tunakutangaza". Mnamtangaza nani wakati jina mmelitupa?

Tuanze na kazi yenyewe, maana kuna watu humu wanadhani katuni inachorwa mtu akisubiri chai ichemke. Chukua kibonzo cha fremu nne, cha rangi. Unaandika kisa kwanza, unakipunguza maneno mpaka kibaki kinachobeba kichekesho. Unapiga rasimu, unaweka herufi, ndipo penseli, wino, rangi bapa (ya msingi, isiyo na kivuli), kivuli, halafu kukata saizi za kila mtandao. Aliyezoea inamla siku nzima ya kazi. Hizi hadithi ndefu za kuteremka kwa kidole, kipande cha fremu 40 kinakula wiki nzima, na kama umeme unakatika na hujawasha kujihifadhi kwa faili, kinakula zaidi.

Wengi huchora kwenye turubai ya A4 kwa dpi 300, yaani piseli 2480 kwa 3508, hata kama picha itakwenda kuonekana kwenye simu. Sababu ni kwamba mstari uliochorwa mkubwa ukipunguzwa unakaza na kutulia, uliochorwa mdogo ukikuzwa unatoka meno. Baadaye inapunguzwa: upana 1080 kwa Instagram, upana 800 kwa WEBTOON, jukwaa la hizo katuni za kuteremka, na huko inakatwa vipande visivyozidi urefu wa 1280.

Ila kinachotesa kuliko vyote ni herufi, na hili wanaochora kwa Kiswahili wanalijua. Neno moja kama "hatukuwasubirisha" lina herufi 17. Huwezi kulikata popote, lazima ukate kwenye silabi, na kiputo chembamba cha maneno ya mhusika hakilibebi. Ndiyo maana anayejua kazi anaweka maneno kwanza, anachora kiputo kuzunguka maneno, halafu ndiyo anampangia mhusika mahali pa kusimama. Anayeanza anafanya kinyume: anamaliza picha nzuri, halafu anabanana na maneno, anashusha fonti. Kwenye picha ya upana 1080, herufi zikishuka chini ya piseli 28 hivi, mwenye simu ndogo hasomi. Bado hujagusa fonti zenyewe, nyingine alama ya "ng'" inakaa mbali kama imegombana na herufi zake, inabidi uisogeze kwa mkono kila ng'ombe anapotajwa.

Hiyo yote inaishia kwenye skrinishoti ya admini.

Wizi unavyofanyika ni hivi. Anapiga skrinishoti, anakata chini, na pembeni pia kama saini iko pembeni. Anabandika nembo ya peji katikati ya fremu ya pili, mara nyingi usoni kwa mhusika. Anayejiona mjanja zaidi anaigeuza picha kama kwenye kioo ili mitambo ya kutafuta picha isiitambue. Herufi zikigeuka hazisomeki, basi anavipaka viputo rangi nyeupe na kuandika upya kwa fonti ya simu. Hapo ndipo unaona madudu. "Ng'ombe" imekuwa "ngombe", "hali" imekuwa "ali", mzee wa heshima anakula ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe, na daladala ina mlango upande wa kulia, abiria wanashukia katikati ya barabara. Ukishuka kwenye maoni, watu wanamtukana mchoraji kwamba hajawahi kupanda daladala. Yaani mtu ameibiwa, halafu matusi anayapokea yeye.

Na ubora. Kila picha inapohifadhiwa upya kama JPEG inapoteza kitu, na mistari myeusi juu ya nyeupe ndiyo inaumia mwanzo, inazungukwa na ukungu wa vidoti. Maandishi mekundu yanavuja zaidi, kwa kuwa JPEG ya kawaida inatunza taarifa za rangi kwa kipimo kidogo kuliko za mwanga. Peji ikiichukua kutoka peji nyingine iliyoichukua kwenye grupu, kinachobaki ni uji. WhatsApp, ukituma kama picha ya kawaida, inabana upande mrefu hadi piseli kama 1600. Sasa mtu anachukua kipande cha kuteremka, upana 800 urefu 12,000, anakiunganisha kuwa picha moja na kukirusha kwenye grupu la ukoo. Upana unabaki piseli 107. Hapo hata mhusika ni mume au mke hujui. Anayetaka kuwapelekea watu kazi nzima aitume kama dokumenti, au atume linki, ambayo ni rahisi kuliko yote na hamuipendi.

Instagram tangu 2024 inaruhusu picha 20 katika posti moja, zamani zilikuwa 10. Wachoraji wengi wakaanza kukata kisa fremu kwa fremu, kichekesho kikakaa peke yake kwenye picha ya mwisho. Admini anafanya nini? Anachukua hiyo ya mwisho tu. Mwaka huohuo Instagram ilitangaza kwamba akaunti zinazorudia kazi za watu mara 10 au zaidi ndani ya siku 30 hazitapendekezwa tena kwa watu wapya. Sawa, ila wizi mwingi wa kwetu uko kwenye magrupu ya WhatsApp na chaneli za Telegram, na huko tangazo hilo halina kazi.

Msije na hoja ya "ukishaweka mtandaoni ni mali ya wote". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999. Kazi inalindwa tangu inapochorwa, kuisajili si sharti, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Haki ya kutajwa kama mwenye kazi imo humohumo. Kusajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kunakusaidia kwenye ushahidi mkifika mbali. Kenya wana sheria yao ya 2001 na ofisi yao, KECOBO.

Kwa wachoraji, hili nalisema kwa hasira kidogo kwa sababu tunalikosea pamoja: acheni kubonyeza kile kitufe cha kuripoti na kuchagua "taka" (spam). Hata mkikusanyana grupu zima mkabonyeza, halitokei kitu. Tafuta fomu ya ukiukaji wa hakimiliki ya mtandao husika. Anayejaza ni mwenye kazi au aliyempa ruhusa, mashabiki hawawezi kukujazia. Weka linki ya posti yako ya kwanza, na linki ya posti iliyoibwa yenyewe. Wengi wanaweka linki ya peji nzima, ombi linarudi. Tumia barua pepe ya kazi, kwa sababu jina na mawasiliano yako yanaweza kupelekwa kwa unayemlalamikia, na baadhi yao wana matusi ya kutosha.

Na mjue linapokwamia. Mitandao hii mingi inafuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, DMCA. Aliyeiba akijibu kwa pingamizi kwamba kazi ni yake, mtandao unairudisha kati ya siku za kazi 10 na 14, isipokuwa wewe uwe umefungua kesi mahakamani. Mchoraji wa Tandika akafungue kesi California kwa kibonzo cha fremu nne? Peji chache zimeshaujua mlango huo na zinaupita bila aibu. Ila pingamizi linaandikwa chini ya kiapo, kwa hiyo wengi wakiona ushahidi mzito hawathubutu.

Ushahidi mzito ni faili lenye leya, yaani tabaka za mchoro zikiwa bado zimetengana: .kra, .psd, .clip, lolote unalotumia. Usiunganishe leya halafu ukafuta faili mama ili upate nafasi kwenye simu. Programu ya kuchorea ya ibisPaint inajirekodia video ya uchoraji yenyewe, itoe uihifadhi kabla hujafuta kazi. Clip Studio nayo inarekodi, ila lazima uiwashe mwanzoni kabisa. Rasimu ya karatasi piga picha. Na usitegemee jina uliloliandika kwenye taarifa za ndani ya faili, WhatsApp inazifuta picha ikipita.

Kuhusu saini, kuitandaza juu ya picha nzima ni kumtesa msomaji wako, na programu za siku hizi zinaifuta kirahisi kwa kuwa inajirudia. Iingize ndani ya mchoro, mahali ambapo kuikata ni kukata kisa. Nyuma ya daladala panapoandikwa maneno pana nafasi. Ubao wa bei ya chipsi una nafasi. Pazuri kuliko pote ni kanga: mhusika akiwa amejifunga kanga, pale kwenye jina la kanga, juu ya pindo la chini, andika akaunti yako kwa herufi kubwa za kanga hasa, zifuate mikunjo ya nguo, zikatike kidogo zinapoingia kwenye mkunjo. Admini akitaka kuliondoa atamkata mama kiuno. Akilipaka rangi, kanga inabaki bila jina na kila mtu anaona pengo. Fanya hivyo kwenye fremu ya tatu, siyo ya mwisho. Lipa namba iache kwenye ukanda, usiichore ndani, kwa sababu ukibadilisha laini kazi zote za zamani zitakuwa zinampelekea pesa mtu mwingine.

Povu lenu nanyi wachoraji lipo, ila fupi. Kuna wanaofuatisha manga, katuni za Kijapani, mstari kwa mstari na kumvisha mhusika baraghashia, halafu wanakuja kwenye grupu kulia wameibiwa. Na kuna wenye majina wanaowapa vijana kupaka rangi bapa usiku kucha kwa ahadi ya "nitakutaja". Hamuwataji.

NYONGEZA: Naona maswali hapo chini.

Aliyeuliza kama kuweka stetasi ni wizi: weka picha nzima na ukanda wake, hakuna atakayekugusa. Ukibonyeza kitufe cha kushea kutoka kwenye akaunti ya mchoraji ni bora zaidi, msomaji anaweza kurudi nayo mpaka kwake.

Aliyesema "mbona enzi za Sani hakukuwa na kelele hizi": Sani lilikuwa gazeti la katuni, lilikuwa linanunuliwa dukani, na mchoraji alikuwa na mlipaji. Ukilikata jina kwa mkasi, uliharibu nakala yako moja.

Aliyesema peji zitahamia kwenye picha za akili bandia: zimeshahamia, na shati la mhusika linabadilika vifungo kila fremu. Zihamie tu.

Na admini aliyekuja kuuliza bei kwa ukali, kana kwamba ni tusi: kila mchoraji ana bei yake, ila masharti ya wengi yanafanana. Nusu kabla ya rasimu, nusu kabla ya kukabidhi faili kubwa. Marekebisho mawili kwenye penseli, baada ya wino kila rekebisho linalipiwa. Haki ya kuposti kwenye peji yako tu, kwa muda mtakaoandikiana. Ukitaka kuitumia kwenye tangazo la mteja wako, hiyo ni bei nyingine. Jina linabaki mahali lilipochorwa. Kama hayo umeyaelewa, chagua mchoraji, mtumie ujumbe, na zile posti 3 zilizo juu kwenye peji yako sasa hivi zishushe kwanza kabla hajakujibu.