Lipa namba ya mtandao wa simu, ya benki au mashine ya kadi? Naombeni ushauri

MamaNafaka: Wakuu, habari za jioni. Nina duka la mchele, maharage na unga hapa Morogoro. Wateja hunitumia hela kwenye namba yangu binafsi, ila simu natembea nayo mimi, dukani anakaa mdogo wangu wa kike. Juzi mteja kachukua mchele wa 46,000, akamwonyesha binti meseji ya muamala kwenye simu yake, akapewa mzigo. Jioni naangalia salio, hola. Imeniuma sana. Sasa nataka mfumo wa kueleweka, iwe lipa namba (namba ya duka ya kupokea malipo) au mashine ya kadi, nichukue upi?

FundiMsamvu: Pole sana dada. Mashine ya kadi achana nayo, kwenye nafaka nani anakuja na kadi? Na usiichanganye na EFD, ile ni ya risiti za TRA, haipokei malipo.

Vipuri_Kkoo: Pole mama. Kabla ya kuchagua jiulize hela ikishaingia inaenda wapi. Mimi wa jumla wangu wanalipwa benki, ndiyo maana nilichukua lipa namba ya benki. Ningekuwa na ya mtandao, kila nikihamisha hela kwenda benki nakatwa. Usihofu mteja yuko mtandao gani: mfumo wa TIPS wa Benki Kuu umeunganisha benki na mitandao, kwa hiyo huna haja ya kujaza ukutani stika nne za lipa namba, moja kwa kila mtandao.

Ila lililokuliza wewe halitibiwi na lipa namba peke yake. Nunua kitochi (simu ndogo ya vitufe), weka laini inayopokea meseji za lipa namba, kikae mezani kwa binti. Namba ya siri ibaki kwako. Meseji isipoingia kwenye kitochi, mzigo hautoki, hata mteja aonyeshe nini. Na binti aangalie mtumaji: meseji ya kweli huja kwa jina la huduma, ikitoka kwenye namba ya kawaida ya simu hiyo ni ya tapeli.

MamaNafaka: Asante sana kaka, hapo kwenye kitochi umenifungua macho. Mchele nauchukua Ifakara na jamaa nawalipa kwa M-Pesa, basi naenda na ya mtandao. Laini nisajili kwa NIDA yangu au ya mdogo wangu?

Vipuri_Kkoo: Yako mama. Na TIN na leseni ya biashara nenda navyo kabisa, usije ukarudishwa.